Jiko Lako Lina Ukingo?

Wapendwa, fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya alizungushie paa lake ukingo, mtu asije akaanguka na nyumba ile ikabeba damu yake. Enzi hizo paa lilikuwa bapa, na watu walipanda huko kupunga upepo, kuanika kitani, hata kulala. Angalieni amri inamkuta wapi mwenye nyumba. Haimkuti matangani, inamkuta bado anapanga mawe. Wala haimuulizi kama yeye mwenyewe ni mzoefu wa kutembea juu. Inamuuliza habari za mgeni, za mtoto, za mtumishi aliyetumwa juu usiku. Kwa maana anayeokoa gharama ya ukingo mara nyingi siye atakayeanguka.

Shikeni neno hilo, kwa kuwa leo nahubiri juu ya jiko la umeme. Msigune.

Tumehimizwa kuacha kuni na mkaa, na tumehimizwa vyema. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mama zetu wamekwisha kulia moshi wa kutosha. Basi majiko yanaingia: la pleti moja la kuweka mezani, na la pleti nne ambalo kaunta hutobolewa likazamishwa humo. Nawasifu mnaonunua. Lakini kila mwenye nyumba ajijibu moyoni: umemnunulia mpishi wako jiko, je, umemnunulia na ukingo?

Dhambi ya kwanza naiita dhambi ya kandambili. Mnaijua. Mgeni anagusa sufuria, anaruka, na mwenyeji anamwambia huku anacheka, "Vaa kandambili, shosti, hilo linapiga shoti kidogo." Kidogo! Nani amekupimia? Jiko linalopiga shoti limekwisha kukuhubiria kabla yangu: ndani yake umeme umegusa bati, na bati halina njia ya kuushusha ardhini. Unamngoja mtu awe njia. Leo sakafu ni kavu na mpira wa kandambili umekukinga. Kesho dada wa kazi amepiga deki, yuko peku, mikono ina maji ya mchicha, na volti 230 zinampitia kifuani. Mkondo wa miliampea 30 tu, ukiendelea kupita moyoni, unaweza kuyavuruga mapigo yake. Taa ya wati 10 sebuleni kwako inavuta zaidi ya hapo!

Dawa ipo. Ni waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, unaounga mwili wa jiko na fimbo iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Ni mara ngapi waya huo umekatwa kwa sababu "jiko linawaka hata bila huo"? Linawaka, naam. Paa lisilo na ukingo nalo huzuia mvua vilevile. Wala fimbo peke yake isikutie usingizi. Mchanga mkavu wa kiangazi hupitisha umeme kwa shida. Zikipita ampea nne au tano, breka ya ampea 32 haitashtuka, na bati litabaki na umeme wake. Kwa hiyo dai RCD, kikatio kinachohisi umeme unaovuja na kuukata ufikapo miliampea 30, kufumba na kufumbua. Kina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisipojikata, ni pambo la ukutani.

Dhambi ya pili ni ya waya mwembamba. Fanyeni hesabu pamoja nami. Pleti nne zikiwaka kwa pamoja huweza kufika wati 7,000. Gawanya kwa volti 230: zaidi ya ampea 30. Plagi yetu ya miguu mitatu imepewa ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Na bado mtu analichomeka jiko hilo kwenye soketi ya friji! Mwingine ana la pleti moja, wati 2,000, ambalo soketi nzima ya ukutani ingelibeba bila taabu. Yeye analipachika kwenye ekstensheni moja na birika na pasi. Waya ukibebeshwa umeme maradufu, joto lake huwa mara nne. Joto hilo linakula ganda la waya ndani ya ukuta, nyuma ya kabati, watoto wamelala. Breka ikijikata mnasema ni mbovu, mnaweka kubwa zaidi. Ilikuwa inawaonya, nanyi mmeiziba mdomo! Na wewe unayefunga uzi wa waya mahali pa fyuzi iliyoungua, tubu leo.

Jiko la kaunta lipewe njia yake lenyewe kutoka kwenye bodi ya breka: waya wa shaba wa milimita za mraba 6 au zaidi, kadiri ya ukubwa wa jiko na urefu wa njia, pamoja na breka inayoendana na waya huo. Swichi yake ya ampea 45 ikae pembeni, isizidi mita mbili kutoka kwenye jiko, wala isiwe juu ya pleti. Siku mafuta yakishika moto, nani atapitisha mkono katikati ya ndimi zake ili azime? Skrubu zikazwe, maana kiungio kilicholegea huchemka hata waya ukiwa mnene. Nyaya zisiguse tumbo la jiko. Na ile nafasi ya hewa iliyoelekezwa kwenye kijitabu cha jiko isigeuzwe stoo ya mifuko.

Dhambi ya tatu ni ya ubahili uliovaa nguo za ujanja. Marumaru umelipia. Granaiti umelipia, laki juu ya laki, kwa kuwa wageni wataiona. Ukifika kwenye waya, ambao hauonekani, unaanza kubembeleza bei, na kazi unampa kijana mwenye testa moja na bisibisi. EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme. Majirani zetu wa Kenya wana EPRA. Omba kuiona leseni kabla hujatoa kianzio. Nawe fundi, unajua kuwa waya wa mbili na nusu hautoshi jiko la pleti nne. Mwenye nyumba akikulazimisha, kusanya vifaa vyako uondoke. Utakosa hela ya siku moja, lakini utalala. Nawe mwenye nyumba ya kupangisha, kodi unayoipokea inakuja na roho za watu ndani yake.

Kabla mkono haujagusa waya wowote, zima swichi kuu, kisha pima kwa testa. Usiseme, "Umeme umekatika, tufanye haraka." Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Usiseme, "Nimezima kitufe cha jiko." Kitufe kimezima pleti, waya ulio nyuma yake bado uko hai.

Na wafundishe wote wanaopika kwako, kuanzia dada wa kazi hadi bibi aliyekuja kutembea. Waonyeshe swichi ilipo. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Jiko likiwaka moto, usilimwagie maji. Kata umeme, toa watu nje, piga 114 uwaite Zimamoto.

Najua yuko atakayesema, "Mchungaji, tumuachie Mungu." Mungu ndiye aliyeagiza ukingo! Angeweza kutuma malaika wadake kila anayeteleza, lakini alimpa mwenye nyumba kazi ya kufanya kwa mikono yake. Kumwomba akulinde huku umekata waya wa ethi ni kumjaribu.

Basi nawapa neno la leo, si la mwisho wa mwezi. Mwenye jiko linalopiga shoti asilipikie chakula cha jioni hii. Alizimie breka yake, amwite fundi mwenye leseni, na mpaka fundi amalize, wali upikwe kwa jirani. Nawe jirani, mfungulie mlango. Amina.