Kunguru na Waliomwalika

Wahenga walinena kuwa kunguru hafugiki. Hata hivyo, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu hakufika pwani hii kwa hiari yake. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ili ale taka za mji. Akazaliana, akaenea hadi bara. Kinondoni na Temeke hunyakua vifaranga uani, na hula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Katika miaka ya 2010 Dar es Salaam ilimwandama kwa mitego na sumu.

Je, ni haki? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inatambua thamani ya viumbe vya mwituni. Huyu ni kiumbe wa jaani. Mama wa Temeke ambaye kuku wake ndio akiba yake hawezi kuambiwa avumilie, na kinda la ndege mwenyeji halina wa kulisemea. Kumpunguza kunguru, basi, si dhuluma.

Dhuluma ni kumwita mwovu. Uovu huhitaji nia, naye hufanya lile lile aliloletewa: kula kinachotupwa. Palipo na jaa lisilozolewa, wanaosalia hushiba na kuzaana upya. Mji unaoua bila kuzoa taka utaua tena mwakani, na mauaji hayo ya pili hayana udhuru wa dharura.

Kwa hiyo ufagio utangulie, mtego ufuate. Kunguru aliitwa afanye kazi ya watu. Kazi hiyo ingali ya watu.