Mwisho wa Mass Effect na Haki ya Mchezaji

Mass Effect 3, gemu iliyofunga hadithi ya Kamanda Shepard, mhusika anayeongozwa na mchezaji, ilitolewa Machi 2012 na kampuni ya BioWare ya Kanada. Haukupita muda mashabiki wakaanzisha kampeni kudai mwisho wake ubadilishwe. Dai hilo lilibeba swali zito: aliyeshiriki kuijenga hadithi ana haki gani juu ya namna inavyokwisha?

Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2007, mchezaji ndiye aliyeamua nani aokolewe na nani aachwe afe. Maamuzi hayo yalihifadhiwa, yakahamia gemu ya pili na ya tatu. Askari aliyeachwa kwenye sayari ya Virmire hakurudi tena. Ahadi iliyokuwemo, ingawa haikuandikwa popote, ni kwamba alitendalo mtu litamfuata. Anayeamini siku ya hukumu anaielewa: adhabu kali huvumilika, ila matendo kutohesabiwa ni dhuluma.

Ahadi hiyo ilivunjika wapi, Rannoch inaonyesha wazi. Kwenye sayari hiyo watu wa jamii ya Quarian wanapigana na Geth, mashine zenye akili walizoziunda wenyewe karne tatu nyuma. Mchezaji aliyeandaa mambo vizuri tangu gemu ya pili anaweza kuwapatanisha, na Geth wanawasaidia waumbaji wao kuanza maisha upya nyumbani. Baadaye Shepard anakutana na Catalyst, akili ya mashine yenye umbo la mtoto. Inamwambia kwamba mashine lazima ziwaasi walioziunda, na kwamba ndiyo sababu mashine za kale ziitwazo Reaper huja kila baada ya miaka 50,000 kufyeka staarabu zilizokomaa. Geth na Quarian wako vitani upande mmoja dhidi ya Reaper wakati huo huo, lakini Shepard hapewi nafasi ya kuwataja. Anaonyeshwa njia tatu: kuziangamiza Reaper, kuzitawala, au kuunganisha uhai na mashine. Ya kwanza inawaua hata Geth aliowapatanisha. Picha za kufungia zilifanana mno. Kilichobadilika zaidi ni rangi ya mwanga, nyekundu, bluu au kijani.

Waliotaka tu Shepard aishi hawakuwa na haki ya kudai. Msiba nao ni mwisho halali. Aristotle aliuthamini sana, akakataa suluhisho linaloshushwa kutoka nje ya kisa, na mfano wake ulikuwa tamthilia ya Medea ya Euripides. Catalyst, anayejitokeza kuzungumza dakika za mwisho kabisa, ana kasoro hiyo hiyo.

Uhuru wa mtunzi hauondoi lawama hiyo. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walikasirika, lakini hakuna aliyekuwa ameombwa kuamua lolote. BioWare iliwaomba wachezaji waamue kwa miaka mitano.

Juni 2012 kampuni ilitoa nyongeza ya bure. Ilieleza yaliyowapata wahusika na jamii zao, ikaongeza njia ya nne, kukataa. Aliyeleta amani Rannoch sasa aliweza kusema hapana. Anayekataa, hata hivyo, anashindwa vita na Reaper wanakamilisha kazi yao, bila hoja yake kujibiwa. Waliodai hoja hiyo ipimwe walikuwa na haki, na nyongeza haikuwatimizia.