Roho, Malakiti na Mkono wa Mchoraji

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji huko Katanga, kusini mwa Kongo, mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu waliizoea kwa jina la Le Hangar. Mwalimu huyo alikuwa na msimamo wa ajabu: hakutaka kufundisha. Aliwapa vijana karatasi na rangi, akawakataza kuiga picha za Ulaya, kisha akawaacha wafanye walivyoona. Aliamini kwamba Mwafrika huzaliwa na hazina ya uzuri ndani mwake, hazina ya ukoo mzima wala si ya mtu mmoja, na kwamba kazi ya mwalimu ni kujizuia asiiharibu.

Kilichotoka humo hakina ubishi. Bela, Msara kutoka Chad, aliweka brashi kando akachora kwa ncha za vidole. Ukitazama miti yake kwa karibu, kila jani ni alama ya kidole, moja baada ya nyingine mpaka karatasi imejaa. Pilipili Mulongoy alipenda ndege, samaki na nyoka, akawazungushia nukta na mistari midogo isiyoacha nafasi tupu. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu kwa mikato mifupi ya rangi, mkato juu ya mkato. Walikuwa karakana moja, chini ya mwalimu mmoja, na hakuna mtazamaji makini atakayeichukua kazi ya mmoja akadhani ni ya mwenzake.

Walipata wapi mitindo hiyo? Romain-Desfossés angejibu kwamba ni damu. Baadhi ya wasanii wa siku hizi, wale wanaobandika vitambaa, waya na mchanga juu ya turubai bila kuchora kiolezo, wangejibu kwamba ni Roho: wanakaa kimya, wanaomba, wanasubiri mkono upate wa kuuongoza. Dai hilo la pili linastahili kusikilizwa kwa heshima, maana wanaolitoa hawaigizi. Lakini majibu yote mawili yana upungufu mmoja. Yanamfikiria msanii kama chombo kitupu kinachojazwa kutoka mahali pasipoonekana.

Aliyelichambua jibu la kwanza vizuri ni mtoto wa Katanga hiyo hiyo. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, mwendo mfupi kutoka mji wa migodi wa Kambove. Ujanani aliingia utawa wa Kibenedikto, baadaye akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika, na kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa, kinasomwa duniani kote. Katika makala ndefu kuhusu sanaa ya Afrika, iliyotoka mwaka 1991, aliigusa karakana ya Le Hangar. Alionyesha kwamba hiyo hazina ya uzuri iliyolala ndani ya Waafrika wote ilikuwa imani ya mwalimu mwenyewe. Kwa Mudimbe, msanii wa Afrika hufanya kazi kwa kuyashika tena mapokeo yaliyokatizwa, akiyapima na hali ya leo na zana za leo.

Tukiitazama karakana kwa jicho hilo, ule ukimya wa mwalimu unaonekana tofauti. Kumkataza mtu kuiga ni kumfundisha. Kumchagulia karatasi ni kumfundisha, na vivyo hivyo kuisifu picha hii na kuinyamazia ile. Na kama damu ingekuwa moja, hao watatu wasingetofautiana kiasi kile.

Basi twende Kambove, maana jibu bora huenda limelala ardhini. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti. Malakiti, jiwe la kijani ambamo shaba hutolewa, likikatwa huonyesha mikanda: kijani iliyokolea hata kukaribia weusi, kisha kijani hafifu, kisha iliyokolea tena, ikizunguka kitovu kimoja. Jiwe hilo hilo lilisagwa na Wamisri wa kale likawa rangi ya kope. Kobalti nayo ndiyo iliyompa mkemia Mfaransa Thénard buluu yake mashuhuri mwaka 1802, buluu ambayo wachoraji wa Ulaya hawakuiacha tena. Sehemu ya sanduku la rangi la mchoraji imo katika miamba ya aina hii.

Kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, mafundi wa Kisanga na wa Kiyeke walikuwa wakiyeyusha malakiti kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakaisubu shaba kuwa misalaba. Wazungu waliwaita walaji wa shaba. Kazi hiyo ilitanguliwa na maombi kwa wahenga, na ilikuwa na fundi mkuu aliyejua siri zake. Lakini fundi hakusubiri wahenga wamwambie jiwe lipi lina shaba. Alilijua kwa rangi na kwa uzito wake mkononi. Maombi na ujuzi vilikuwa kazi moja, na aliyekuwa na kimoja bila kingine asingetoa msalaba hata mmoja.

Kaskazini zaidi, kwa Waluba, kuna mfano ulio karibu kabisa na sanaa ya vitu mchanganyiko. Lukasa ni ubao unaoenea kiganjani, mwembamba katikati, uliopigiliwa shanga, pini na pengine kauri. Mtu wa chama cha Mbudye huushika kwa mkono wa kushoto, kisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinapita juu ya shanga, na ulimi unasimulia: wafalme, safari, koo, mahali patakatifu. Hakuna shanga yenye maana moja ya kudumu. Msimulizi huyu leo atatoa habari hii, kesho mbele ya watu wengine atatoa nyingine, kwa jinsi shauri lilivyo. Hapo kuna uhuru mkubwa, kuna hata kuongozwa na roho, lakini aliyefikia uhuru huo alipita jando la chama na miaka ya kusikiliza. Wala hasomi peke yake. Waliopo wanamsikia na wanaweza kumpinga.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, kwamba msanii wa leo yuko peke yake na Mungu wake. Kisa cha Bodys Isek Kingelez kinaelekea kumuunga mkono. Mwalimu huyu wa shule huko Kinshasa, mwishoni mwa miaka ya 1970, alishikwa ghafla na hamu asiyoweza kuizuia: atafute mkasi, wembe, gundi na karatasi. Kazi ya kwanza aliyoipeleka makumbusho ya taifa iliwashangaza watu hata wakadhani ameiiba, ikambidi atengeneze nyingine ili aaminiwe. Baadaye alijenga miji mizima ya karatasi na maboksi, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, makumbusho ya MoMA mjini New York yalimwandalia maonyesho makubwa.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo mara nyingi, na hilo ni kosa, kwa kuwa sehemu inayofuata ina uzito. Makumbusho yalimwajiri Kingelez kutengeneza vinyago vilivyoharibika. Kwa miaka kadhaa mikono yake ilikuwa ndani ya kazi za mafundi waliomtangulia. Hamu ile ilimjia bila kuitwa, naam, na hakuna haja ya kuikana. Ilipokwisha kumjia ilikwenda shule.

Katanga yenyewe ina mazoea mengine ya kushughulika na yanayotoka ndani, nayo yalizaliwa kanisani. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyechapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mjini Élisabethville mwaka 1945, ndiye aliyeanzisha Jamaa, chama cha waamini kilichoenea katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga. Ndoto zilikuwa na nafasi kubwa: aliyekuwa akiingizwa katika Jamaa aliota, akaipeleka ndoto kwa baba na mama yake wa kiroho, nao wakaipima kabla hajasonga mbele. Ndoto peke yake haikutosha. Ilihesabiwa ilipokwisha kusemwa na kusikika.

Desturi hiyo ingewafaa sana wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu aliifanya kwa njia yake katika miaka ya 1973 na 1974, alipochora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga, na kumweleza mtafiti Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, nyuma ya mwili kuna misalaba mitatu, na damu inayomtoka ubavuni inaandika chini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Tshibumba hakuwapo Januari 17, 1961, siku Lumumba alipouawa. Hakuna shahidi aliyemweleza habari ya misalaba. Ni ono lake, naye alilitetea kwa maneno, swali kwa swali, mbele ya mtu aliyetaka kujua kwa nini.

Na mchoraji wa leo wa Kambove, anayetembea akiokota mawe na vipande vya waya kwa kuvutwa na moyo? Mvuto huo ni wa kweli. Ila atakapofika upande wa Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, na ambao serikali iliamuru ufungwe mwaka 2004, ataona mawe ya njano na ya kijani yanayong'aa kuliko malakiti yoyote. Moyo utavutwa kuliko mahali pengine popote, na mawe hayo yana mionzi. Hapo anahitaji mtu wa kumwuliza: mzee aliyefanya kazi mgodini, mwanajiolojia, mwenzake aliyekwisha kufika. Malakiti yenyewe haisagwi ovyo. Husagwa ikiwa na maji, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kwa sababu vumbi la shaba ni sumu. Na akitaka njano, inauzwa madukani Likasi, ndani ya kopo.