Mchoma Diski

Mwaka 2003 video ya dakika 11 ilienea kwenye intaneti. Super Mario Bros. 3 ilichezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusita hata mara moja, Mario akikanyaga maadui hewani na kujiokotea maisha ya ziada kana kwamba yananing'inia usawa wa kifua. Wengi waliamini wanaona kazi ya vidole vya mtu mmoja mwenye pedi mkononi.

Haikuwa hivyo. Mjapani aliyejulikana kwa jina la Morimoto aliicheza ndani ya emyuleta, programu inayoiga mashine ya gemu kwenye kompyuta. Alipunguza kasi, alipokosea alirudi nyuma, akarekebisha, akasonga mbele. Juhudi zote hizo zikaunganishwa zikawa mwendo mmoja. Watu walipogundua, wapo waliomwita tapeli.

Lakini Morimoto hakumficha mtu. Kwenye ukurasa wake, kwa Kijapani, alieleza alivyoitengeneza. Video ikanakiliwa, maelezo yakabaki nyuma. Kila aliyeipitisha alipitisha faili lile lile, hakuongeza wala kupunguza kitu, na bado uongo ulizaliwa njiani. Ulizaliwa mikononi mwa nani?

Nadhani ulizaliwa kwa mtu ambaye hatuna desturi ya kumuuliza chochote, yaani mnakili. Na simfikirii mnakili mkubwa. Namfikiria yule wa nyumbani, aliyekusanya mafaili ya spidirani, mbio za kumaliza gemu kwa muda mfupi iwezekanavyo, akayachoma kwenye DVD ili ayatazame sebuleni na wenzake. YouTube ilikuja 2005. Kabla ya hapo, ukitaka mbio zako zitoke kwenye kompyuta na kufika kwenye televisheni, diski ilikuwa njia ya maana. (Suala la hakimiliki nitalipita. Lina watetezi wa kutosha, na wengi wao hulipwa.)

Mbio zenyewe zilikuwa za aina nyingi. Tovuti ya Speed Demos Archive, iliyoanza 1998 na rekodi za gemu la Quake, ilitofautisha mbio za mkupuo mmoja na mbio za vipande, ambazo mchezaji hurudia kipande hata mara mia kabla ya kwenda kinachofuata. Tazama Quake done Quick ya 1997. Gemu zima, katika kiwango kigumu kuliko vyote, linaisha kwa dakika 19 na sekunde 49. Ni kazi ya wachezaji kadhaa waliogawana ngazi. Hakuna binadamu aliyewahi kukaa kitini kwa dakika hizo 19 na kufanya tunayoyaona. Tukio hilo halikuwahi kutokea popote duniani isipokuwa kwenye rekodi, nasi tunalitazama likitokea.

Sioni udanganyifu hapo. Ni sanaa nyingine tu, iliyo jirani na filamu kuliko riadha. Ila inategemea sentensi moja: hii imeunganishwa. Sentensi hiyo iliandikwa kwenye ukurasa, si ndani ya picha. Mchoma diski anachukua picha na kuuacha ukurasa.

Utasema ni diski ya sebuleni, namdhulumu nani? Sisi tuliokua na DVD za kuchomwa, jina limeandikwa kwa maka peni, tunajua diski haikai sebuleni. Binamu anaiazima, rafiki wa binamu anainakili, na kijana asiyemjua mtu yeyote katika mnyororo huo anajaribu mwezi mzima kufanya kwa vidole vyake jambo ambalo vidole havikulifanya. Huyo ndiye anayedhulumiwa. Kipimo chake cha uwezo wa binadamu kimeharibiwa na mtu mwenye nia njema.

Hata picha yenyewe si salama. Mashine ya zamani ya Nintendo hutoa takriban picha 60 kwa sekunde. Diski inaweza kuubeba mwendo huo, lakini ukiacha programu ya kubadilisha faili ipunguze hadi 30, nusu ya picha hutupwa. Shujaa aliyegongwa na adui humetameta, akionekana na kutoweka kwa zamu. Zikitupwa picha alizomo, anapotea kabisa. Zikitupwa nyingine, anaonekana kama hajaguswa. Hapo hata mtazamaji makini anayehesabu makosa ya mchezaji anahesabu vibaya, wala hana njia ya kujua.

DVD ina nafasi ya hadi njia 8 za sauti. Ya kwanza ni ya muziki wa gemu. Ya pili ingetosha kwa sauti ya mchezaji au ya mchomaji mwenyewe, akisema hapa palirudiwa, hapa palipunguzwa kasi, hapa ngazi ni ya mtu mwingine. Kuirekodi kunachosha: utafute maelezo, uyasome, uyapange yaendane na picha. Mtu mwenye mafaili 10 na usiku mmoja ataiacha tupu, na diski itacheza vizuri tu.