Bei ya Kigoda

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha mchana na kutengeneza vigoda jioni. Shule iko mjini Moshi. Karakana yangu, kama inastahili kuitwa hivyo, ni kibanda nyuma ya nyumba, huku juu migombani. Miti haijawahi kunisumbua. Migrivea iliyopandwa ili kuipa kahawa kivuli hupunguzwa matawi mara kwa mara, na mibuni ikizeeka hung'olewa. Tawi lililopinda, ambalo mwingine angelifanya kuni, kwangu huwa mguu wa kiti. Naliacha likauke, natoboa tundu kwa keekee, nachonga ulimi, kisha nagongomea. Mafundo yake siyaondoi. Atakayekikalia kiti hicho ataona kwamba kilikuwa mti.

Kazi hii ilinifurahisha hata nikaona haya kuidai fedha. Fundi mmoja wa barabarani aliuza kigoda kama changu kwa shilingi 25,000. Mimi niliuza kwa 15,000. Mshahara nilikuwa nao, miti sikununua, na saa zangu za jioni sikuzihesabu. Nilijiona mtu mwenye huruma.

Siku moja fundi yule alipanda hadi kwangu. Alikalia kigoda kimojawapo, akakitikisa, akasema, "Mwalimu, kazi yako ni safi." Akanyamaza kidogo. "Lakini hiki unachokiuza kwa kujifurahisha, mimi ndicho kinachonisomeshea watoto." Hakugomba. Aliaga, akashuka.

Nilijitetea moyoni. Je, si haki yangu kuuza mali yangu kwa bei niitakayo? Na mnunuzi maskini, si haki yake kupata kiti kwa bei nafuu? Maswali haya si ya kupuuzwa. Kama ningekuwa mwepesi wa mikono kuliko fundi yule, au kama ningegundua njia bora ya kazi, nisingekuwa na la kujilaumu. Lakini haikuwa hivyo. Shilingi 15,000 haikuwa bei ya kigoda. Sehemu iliyobaki ililipwa na mshahara wangu bila mtu kuiona. Fundi hakuwa akishindana na mikono yangu. Alikuwa akishindana na chaki yangu, na hapo hakuwa na silaha.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Mimi nilidhani wanamwonya mnunuzi. Sikujua kwamba rahisi yangu ingeweza kuvunja upishi katika jiko la jirani.

Sisi watu wa Kilimanjaro tungepaswa kulielewa jambo hili mapema. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipoundwa mwaka 1933, wenye vihamba vidogo walikusanya kahawa yao na kuiuza pamoja. Mkulima anayeuza peke yake hupokea bei anayopewa, na akikubali kidogo, jirani yake naye hulazimika kukubali kidogo. Bei, basi, si siri ya mtu mmoja. Nikishusha yangu, nimegusa ya mwenzangu, hata kama hatujawahi kuonana.

Siku hizi kigoda changu ni shilingi 25,000. Navyouza vimepungua, nami sijafa njaa. Ninapotaka kumsaidia mtu, nampa kigoda bure, maana hapo ninayetoa ni mimi. Zamani nilitoa kutoka mfukoni mwa fundi, kisha nikapokea shukrani mimi.

Hata hivyo sidai kwamba nimelimaliza swali. Juzi mama mmoja alikishika kigoda, akauliza bei, akakirudisha taratibu mahali pake. Hakuwa wa kupewa bure, angeona nimemdharau. Nilimtazama akiteremka njia ya migombani mikono mitupu. Jioni ile nilipokuwa nikichonga niliwakumbuka wote wawili, yeye na fundi, na sikuona namna ya kumridhisha mmoja bila mwingine kulipa.