Deni la Chumvi

Katika nyanda kame za kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwenye majimbo kama Paraíba, Ceará na Rio Grande do Norte, sehemu kubwa ya ardhi imelalia miamba migumu ya kale, na visima vinavyochimbwa humo mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Ndiyo maana watafiti wa huko wametumia miaka mingi kuotesha miche ya mipera, mikwaju na mikorosho kwa maji hayohayo, huku wakiipa mbolea ya samadi ya ng'ombe. Samadi mbichi huchanganywa na maji katika pipa lililofungwa vizuri, ikaachwa ichache kwa takriban mwezi mmoja. Mpira mwembamba hutoka kwenye mfuniko na ncha yake huzamishwa katika chupa ya maji, ili gesi ipate njia ya kutoka na hewa isipate njia ya kuingia. Kisha majimaji yake humwagwa kwenye viriba. Mara nyingi mche uliopata mbolea hiyo hukua vizuri kuliko ule ulioikosa, ingawa yote miwili inakunywa chumvi ileile. Habari ya kitalu imeishia hapo, lakini kwangu swali zito ndipo linapoanza. Anayepanda mti kwa maji yanayodhuru udongo anatoa sadaka, au anakopa kwa jina la watu wasiozaliwa?

Tupige hesabu kidogo. Maji yenye gramu 2 za chumvi kwa lita ni hafifu sana yakilinganishwa na ya bahari, yenye gramu 35 hivi. Mche ukipewa robo lita kila siku kwa siku 100, umepokea lita 25, yaani gramu 50 za chumvi, ndani ya kiriba kinachobebeka kwa mkono mmoja. Mizizi huvuta maji na kuacha nyuma sehemu kubwa ya chumvi; jua nalo huvukiza maji, chumvi ikabaki. Madhara huonekana kwanza kwenye majani ya chini, yaliyokomaa: ncha hukauka, kingo zikageuka kahawia, kisha jani likapukutika. Samadi husaidia kweli. Huupa udongo nafasi ya kupumua, hulisha vijidudu vyake, na huleta kalisi na potasiamu ambazo huupunguzia mmea makali ya sodiamu. Hata hivyo haiondoi chembe moja ya chumvi iliyokwisha kuingia, tena ina chumvi zake yenyewe, na ikizidishwa huongeza mzigo. Mche umepata nguvu ya kuvumilia, lakini deni la udongo liko palepale.

Dini zetu zimewasifu sana wapandaji. Katika Injili ya Luka, mtini usiozaa unaombewa mwaka mmoja zaidi na mtunza shamba, ambaye anaahidi kuupalilia na kuutia samadi. Katika Hadithi za Mtume Muhammad, anachokula ndege, mtu au mnyama kutoka kwenye mti uliopandwa na Mwislamu huandikwa kuwa sadaka yake, na mwenye mche mkononi anaambiwa aupande hata Kiyama kikiwa kimefika. Wako watakaosema kwamba hapo swali limekwisha: nia ni njema, kazi ni njema, mengine ni ya Mungu. Naiheshimu imani hiyo, lakini naona imesoma nusu ya daftari. Mafundisho hayohayo ya Uislamu yanasema kwamba aliyeanzisha jambo baya hubeba pia mzigo wa wanaolifuata. Kama thawabu ya mti inaendelea baada ya mpandaji kufa, hakuna sababu madhara ya maji yake yakome siku ya mazishi.

Pingamizi la kifalsafa ni gumu zaidi. Asiyekuwepo hana haki, wanasema, na hakuna anayeweza kudaiwa na mtu ambaye bado si mtu. Huenda hoja hiyo ikamfaa anayepanda mchicha. Anayepanda mkwaju haimfai, kwa sababu mti huo huchukua miaka mingi kuzaa na unaweza kuishi zaidi ya karne. Kazi yake haina maana bila watu wa baadaye. Amekwisha kuwahesabu katika faida yake. Hawezi kuwaita wakati wa kugawa matunda, kisha akasema hawapo wakati wa kuulizia udongo. Na udongo huulizwa kweli. Mwaka 1958 Thorkild Jacobsen na Robert Adams walionyesha jinsi mashamba ya kusini mwa Mesopotamia yalivyojaa chumvi ya umwagiliaji, ngano ikapotea na shayiri, inayostahimili zaidi, ikashika nafasi yake. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa athari hiyo, ila hakuna anayekana kwamba chumvi hujikusanya pale maji yasipopata pa kutokea.

Linabaki pingamizi linaloniumiza: mkulima maskini hana maji mengine, na kumhubiria juu ya udongo wa wajukuu huku miche yake inakufa ni ukatili. Nakubali, na ndiyo maana siliiti deni hili dhambi. Deni linaweza kupunguzwa. Tangu mwaka 2003, mashirika ya kiraia ya Brazil yamejenga kwa wingi matangi ya lita 16,000 ya kuvunia mvua kutoka paani, kwa ajili ya kunywa na kupikia, na baadaye yakaja makubwa zaidi, ya lita 52,000, kwa ajili ya bustani na mifugo. Maji ya mvua yakichanganywa na ya kisima katika wiki za mwanzo, mche unapokuwa dhaifu, chumvi hupungua kabla ya kuingia. Chumvi inayobaki kwenye kiriba inaweza kusafishwa kwa kuzidisha maji, lakini huteremka chini, na pengine ikafika kwenye kisima cha jirani. Kwa hiyo kumwachia mwenye kitalu deni lote peke yake ni dhuluma. Jamii inayotaka kivuli na matunda ya miti hiyo inapaswa kumjengea tangi, kumpimia maji na udongo kila msimu bila malipo, na kumwambia wazi ni lini kisima chake kimezidi kiasi.