Je, Bunduki Huzeeka?

Mtaani tunaiita bastola mguu wa kuku, na ukiiona Iver Johnson ya miaka ya 1890 utaelewa kwa nini. Ni ndogo, imepinda, inaingia mfukoni bila suruali kufura. Nikeli yake imebanduka. Mzee kama huyu utamwogopea nini?

Sheria ya taifa ya Marekani ya 1968 inaonekana kukubali kwamba hakuna cha kuogopa. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na masharti mengi ya silaha hayaigusi. Sasa angalia kituko: Iver Johnson iliunda bastola hizi kabla ya mwaka huo na baada yake. Unaweza kupata mbili zinazofanana kama pacha, risasi tano kila moja, na bado moja ni silaha na nyingine ni pambo. Kilichozitenganisha ni kalenda tu.

Lakini kalenda inaweza kweli kuivua bunduki ubunduki wake?

Wakusanyaji wanajibu swali hili kwa vitendo. Aliye makini kwanza huhakikisha haina risasi. Huikunja mtutu chini, akachungulia ndani. Huvuta nyundo polepole aone kama kila tundu la silinda linalingana na mtutu. Hutikisa bawaba. Anajua kwamba bastola ya wakati huo iliundiwa baruti nyeusi, yenye msukumo mpole kuliko baruti ya kisasa. Wengine huifunga kwenye meza na kuvuta kifyatulio kwa kamba, wakiwa mbali. Hebu fikiria: mtu mzima anajificha, ati anajificha pambo! Mwili wake unajua kile sheria imesahau.

Utaniambia kosa si la chuma, ni la mkono. Sawa, na bastola hii ndiyo shahidi wako bora. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopanda tu kifyatulio kikivutwa. Bila hicho, pigo la nyundo halifiki kwenye risasi. Kampuni ilijivunia usalama huo hadi ikachapisha tangazo lenye mtoto kitandani akichezea bastola.

Tarehe 6 Septemba 1901, mjini Buffalo, Leon Czolgosz alificha Iver Johnson ya .32 chini ya kitambaa, akasimama kwenye foleni ya kumsalimia Rais William McKinley. Mtambo wa usalama ulifanya kazi barabara. Bastola haikufyatuka kwa bahati mbaya. Ilifyatuka mara mbili, kwa kukusudia. Rais alifariki tarehe 14. Kumbe usalama ulikuwa wa aliyeshika mpini, si wa aliyesimama mbele ya mtutu.

Kwa hiyo mkono una kosa, ndiyo. Lakini udogo wa ile bastola pia uliamuliwa na mtu, ili iweze kufichika.

Linganisha na mizinga ya Fort Jesus, Mombasa. Tunapiga selfi kando yake bila wasiwasi, na sababu si umri. Hakuna anayeilisha baruti, na hakuna awezaye kuitia mfukoni. Mizinga ile imestaafu. Bastola ya mfukoni imelala tu.

Sisemi ziyeyushwe zote. Kutaka kujua kama mashine ya miaka 130 bado inafanya kazi ni udadisi wa haki kabisa. Ila ujuzi una deni lake. Kabla ya kufyatua, unaweza kusema hujui umeweka nini kabatini. Ukishasikia mlio, huna tena ruhusa ya kuiita pambo. Itabidi uifungie, risasi ukaziweke kwingine, na siku moja umketishe atakayeirithi umwambie ukweli: hii kitu bado inaua. Asipoambiwa, ataona tu umri wake.